Kamera ya Wanafunzi na Mahakama ya Ruring'u

Kila chombo kipya kiingiapo shuleni hutanguliwa na sifa na kufuatwa na lawama. Redio ilisifiwa kwamba ingemleta mwalimu bora katika kila darasa, kisha ikalaumiwa kwamba iliwalaza wanafunzi usingizi. Televisheni ilipata sifa hizo hizo na lawama hizo hizo. Sasa ni zamu ya kamera, na hasa ile kamera ndogo iliyomo ndani ya simu, ambayo imemwezesha kijana mmoja aliyesimama kando ya njia kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji lori, mafundi na fedha nyingi. Walimu wengi wa nchi yetu wamevutwa na chombo hiki. Wasema kwamba mwanafunzi akitengeneza filamu juu ya jambo analojifunza, atalijua jambo hilo kuliko akilisoma kitabuni tu. Nami nakubali, lakini nakubali kwa sharti, na sharti lenyewe nililijifunza katika ukumbi wa shule.

Jumamosi moja niliketi katika ukumbi mmoja usio mbali na Ruring'u, Nyeri, nikatazama filamu zilizotengenezwa na wanafunzi wa shule mbalimbali. Nitazungumza juu ya mbili tu, maana nyingine zilifanana na ya kwanza kama mapacha.

Filamu hiyo ya kwanza ilianza angani. Droni ilipaa juu ya mabati ya shule, ikapita juu ya mashamba ya chai, ikatuonyesha kilele cha Mlima Kenya kikiwa cheupe katika jua la asubuhi, huku kinanda kikilia kwa huzuni. Kisha tukaletwa chini kwa msichana mwenye akili nyingi, ambaye baba yake ni mlevi. Msichana akaingia katika kundi baya, akaanguka mtihani, akalia mvuani, akaokolewa na mwalimu wa ushauri. Na mwishowe akarudi shuleni siku ya tuzo akiwa amevaa koti jeupe la daktari. Sauti zilisikika vizuri, taa ziliwekwa mahali pake, na machozi yalianguka kwa wakati wake. Watu walipiga makofi sana. Hata mimi nilipiga makofi, kwa kuwa kazi safi ni kazi safi.

Baadaye nilimkuta nje mmoja wa vijana wa filamu ile akikunja nyaya. Nilimwuliza ni nani aliyeandika maneno yale. Alinijibu bila haya kwamba ni bwana mmoja aliyetoka Nairobi na kulipwa, na kwamba bwana huyo huyo ndiye aliyezichukua picha na kuziunganisha. Wanafunzi walikariri. Nikamwuliza yeye mwenyewe amejifunza nini katika kazi ile ya wiki sita. Akafikiri kidogo, akasema, "Kushika taa isitikisike, mwalimu."

Filamu ya pili ilikuwa na makosa mengi, wala sitayaficha. Upepo ulivuma ndani ya kinasa sauti hata maneno mengine yakapotea. Mara mbili kidole cha mpiga picha kilijitokeza pembeni kama mtu aliyechungulia dirishani. Mzee mmoja alikatwa kichwa, nasi tukamsikiliza shati lake likizungumza. Lakini filamu ile ilianza kwa swali. Msichana wa Kidato cha Pili alisimama kando ya mti wa kahawa, akamtazama nyanya yake akichuma, akauliza: debe hili moja likitoka hapa huenda wapi, na fedha zake hurudi lini?

Tangu hapo tulilifuata lile debe. Tuliona matunda mekundu yakitengwa na mabichi kwa mkono. Tuliyaona yakipimwa kiwandani na karani akiandika stakabadhi. Tuliziona mashine zikiyamenya, kahawa ikilowekwa ili utelezi wake uoze na kutoka, ikaoshwa katika mifereji ya maji, ikaanikwa juu ya vichanja, na wanawake wakiigeuzageuza kwa mikono na kuifunika mvua ikinyesha. Wanafunzi walikuwa wamerudi kiwandani siku kadhaa mfululizo, maana kahawa haikauki kwa matakwa ya mpiga picha. Kisha magunia yakapakiwa katika lori, lori likatoka langoni, na kamera ikabaki langoni ikitazama vumbi. Mvulana mmoja akaingia mbele ya kamera akasema kwa sauti ya kawaida, "Kutoka hapa hatukuweza kuona."

Kwangu maneno hayo yalikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Wanafunzi wale walikuwa wamefika mpaka wa yale waliyoyajua, wakausimamia, wakauonyesha. Walionyesha pia daftari lao, ambamo yaliandikwa maswali saba waliyokipelekea chama cha ushirika. Mawili yalijibiwa, matano hayakujibiwa. Mwishoni walimwuliza nyanya kama yeye huinywa kahawa yake. Nyanya alicheka, akainua birika, akamimina chai.

Tuzo ya kwanza ilipewa filamu ya droni. Ya kahawa haikupata kitu. Siwalaumu waamuzi, kwa sababu niliiona karatasi yao ya kutolea alama: picha, sauti, mwangaza, uigizaji, mavazi, mtiririko wa kisa. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza wanafunzi hawa wamegundua nini ambacho hawakukijua kabla ya kuanza. Mwamuzi hupima kwa kipimo alichopewa. Kosa limo katika kipimo, na kwa kuwa kipimo hicho huwafundisha walimu watengeneze nini mwaka ujao, kosa hilo huzaa.

Yafaa sasa tueleze maana ya mradi, kwa sababu neno hili limekuwa jepesi vinywani mwetu. Mwaka 1918 mwalimu wa Marekani aliyeitwa William Heard Kilpatrick, mfuasi wa John Dewey, alitoa makala iliyosambaa duniani juu ya kufundisha kwa njia ya miradi. Kiini cha mawazo yake ni kwamba mtoto hujifunza vema zaidi katika kazi yenye kusudi lake mwenyewe, aifanyayo kwa moyo wote na miongoni mwa wenzake. Shule zetu zimekuwa na miradi kwa muda mrefu. Aliyesoma Kilimo katika sekondari alipanda shamba lake dogo na kulitunza hadi mtahini alipokuja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini mwaka 2019 na kufika Gredi ya Saba mwaka 2023, umeitia miradi hesabuni katika kumpima mwanafunzi, na umeiweka sanaa ya maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Tamasha la michezo ya kuigiza la shule za Kenya, ambalo lilianza mwaka 1959, nalo limezifungulia mlango filamu. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya mchezo wa Jumamosi. Twazungumza juu ya kazi itakayotolewa alama.

Lakini kutengeneza kitu siyo lazima kuwe mradi. Mtoto akipewa mbao zilizokwisha kukatwa na misumari iliyokwisha kuhesabiwa, akaambiwa agonge hapa na hapa, ametengeneza kiti lakini hakujifunza useremala. Filamu ya kwanza ilikuwa kiti cha namna hiyo. Jambo lake lilijulikana tangu mwanzo, yaani ulevi ni mbaya na elimu ni nzuri. Kamera haikupewa kazi nyingine isipokuwa kulivisha nguo. Katika filamu ya pili kamera ilikuwa jembe. Kama isingekwenda kiwandani, filamu isingekuwapo.

Hapa yanijia mfano wa zamani, ambao wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wanapaswa kuujua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha jaribio kubwa la kuwafundisha Waafrika kwa sinema, kwa fedha zilizotoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta, juu ya kilimo. Sauti ilitoka katika sahani za santuri, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumiwa. Lori lilibeba mashine na pazia likatembea Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi. Uamuzi wa nini kisemwe ulikuwa wa wale walioliongoza jaribio. Mtazamaji alijua tangu picha ya kwanza kwamba mjinga angepata hasara na msikivu angepata faida.

Tazama jinsi filamu ile ya msichana na baba mlevi inavyofanana na filamu za Vugiri. Miaka karibu 90 imepita, kamera imeshuka kutoka lori hadi mfuko wa shati, aliye nyuma ya kamera ni mtu wa kwetu, na bado twamhubiria mtazamaji jambo ambalo hatukulichunguza. Nani aliyemwuliza mlevi kwa nini hunywa? Nani aliyehesabu siku ambazo msichana yule hukosa shule kwa sababu ya karo, na siku anazokosa kwa sababu ya baba? Huenda jibu lingekuwa lile lile la hotuba. Huenda lisingekuwa. Wanafunzi hawakupewa nafasi ya kujua.

Nisije nikadhaniwa kuwa naichukia filamu ya kubuni. La. Filamu ya kubuni nayo yaweza kuwa mradi wa kweli, na mfano mzuri umetoka kwetu. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitoa filamu iitwayo Supa Modo. Ndani yake mna msichana aitwaye Jo, ambaye anaugua ugonjwa usioponyeka na hupenda sana sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Analetwa nyumbani kutoka hospitali, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Katika filamu hiyo yenye uchungu mna sehemu za kuchekesha sana, watu wakigombania kazi, wakishona mavazi, wakishindwa na kujaribu tena. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi wake sehemu hizo, atakuwa amewafundisha jambo la kwanza la filamu: kwamba hakuna afanyaye peke yake, na kwamba anayeshona nguo ana haki ya kusema neno juu ya kisa. Ukiondoa hilo, unabaki na kijana anayeshika taa.

Sasa nataka nitoe mfano mzito kuliko kahawa, na kwa ajili yake sitakwenda mbali na ukumbi ule. Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Nyeri, hapo Ruring'u, lipo jengo la zamani lililokuwa mahakama ya wenyeji. Lilijengwa katika miaka ya 1920, na ndani yake ziliamuliwa kesi za Waafrika kwa desturi zao: mipaka ya mashamba, mahari, madeni. Sasa ni makumbusho. Hapo hapo Ruring'u upo uwanja ambako mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaja kuziweka silaha zao. Tuseme wanafunzi wa Historia wa shule ya jirani wameamua kutengeneza filamu ya dakika 12 juu ya Ruring'u. Je, watafanya nini?

Najua watakachotaka kufanya kwanza. Watataka kumleta Dedan Kimathi. Ni shujaa wa Nyeri, jina lake linajulikana, na jengo la zamani la mahakama lipo mbele yao tayari. Kijana mwenye sura nzuri atafungwa pingu, atasimamishwa mbele ya hakimu aliyevaa nywele za bandia, atatoa hotuba kali, na kinanda kitalia. Picha itapendeza mno. Nayo itakuwa ya uongo.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Novemba mwaka ule ule alishtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya koloni iliyokaa Nyeri, kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Kesi ya namna hiyo haikuwa ya mahakama ya wenyeji. Waliosimama katika mahakama ya wenyeji walikuwa watu wengine kabisa: mjane aliyenyang'anywa kipande cha shamba, ndugu wawili waliogombania mpaka. Mwanafunzi akimsimamisha Kimathi humo kwa sababu ukuta ni mzuri kwa picha, amemkosea Kimathi na amemkosea mjane pia, ambaye hatapata filamu nyingine.

Hili ndilo jaribu la kamera ambalo kalamu halina kwa kiasi hicho. Ukiandika kwamba Kimathi alihukumiwa Ruring'u, msomaji anaweza kukuuliza umeyatoa wapi. Ukimwonyesha akiwa Ruring'u, mtazamaji haulizi. Ameona kwa macho. Kwa hiyo anayefundisha kwa filamu amebeba wajibu mkubwa kuliko anayefundisha kwa insha, na sharti awazoeze wanafunzi wake kuuliza juu ya kila picha: je, ilikuwa hapa? Tumejuaje?

Tuendelee mbele kidogo, maana mambo huwa magumu zaidi. Wengi wenu mnaujua mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Kimathi, uliotolewa mwaka 1976 kwa Kiingereza, ambao kwa Kiswahili huitwa Mzalendo Kimathi. Kimathi wa mchezo ule haikubali mahakama hata kidogo. Waandishi walieleza wazi katika utangulizi kwamba hawakukusudia kuirudia kesi ya Nyeri kama ilivyokuwa. Walikusudia kuonyesha roho ya mapambano ya watu. Ni haki yao, nao waliisema. Lakini mwaka 2017 kumbukumbu za kesi yenyewe zilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur, na humo yamo maelezo ya Kimathi kwamba alipopigwa risasi alikuwa akija kujisalimisha.

Darasa lifanye nini na maneno hayo? Mwalimu mwoga atasema yaachwe, yatawachanganya watu. Mwalimu mwepesi atasema yawekwe mbele, yatawashangaza watu. Mwalimu aliye mwalimu atawaketisha wanafunzi wake wabishane. Mtu aliye mbele ya kitanzi husema nini ili aishi? Ni nani aliyeyaandika maneno yale, kama si mahakama ya waliokuwa adui zake? Je, aliyechoka baada ya miaka minne ya msitu, baridi na njaa huacha kuwa shujaa? Mabishano hayo yakidumu juma zima, na mwishowe filamu ikatumia dakika moja tu juu yake, juma halikupotea. Huo ndio mradi. Dakika moja ni kivuli chake.

Tena kuna watu walio hai. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule wa 1963 sasa anakaribia miaka 80, na kila mwaka wanapungua. Mwanafunzi akienda kwake na kamera, asiende kama mwandishi wa habari aendaye kwa waziri. Ataamkia, ataketi, atakunywa uji akipewa, na pengine siku ya kwanza hatawasha chombo chake kabisa. Mzee atazungumza Kikuyu, na itabidi kuandika Kiswahili chini ya picha. Hapo wanafunzi watagundua kwamba neno moja la mzee halikubali neno moja la kamusi, nao watafunzwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Kiswahili aalikwe katika kazi hii mapema, asiletwe mwishoni kusahihisha tahajia.

Naye mzee huyo alikuwa upande gani? Swali hili linauma katika Nyeri. Wako waliokula kiapo na kuingia msituni. Wako walinzi wa vijiji waliosimama upande wa serikali, ambao watu waliwaita ngati. Na wako wengi mno waliobanwa katikati, usiku wakiwaogopa hawa na mchana wakiwaogopa wale. Aliyempiga risasi Kimathi alikuwa askari Mwafrika. Wajukuu wa watu hao wote hukaa leo katika dawati moja, hugawana kalamu, na wengine hawajui. Filamu ya kinanda itawagawa wazee katika makundi mawili, wema na waovu, na mjukuu mmoja atatoka ukumbini ameinamisha kichwa kwa jambo asilolitenda. Sisemi kwamba waliotenda ubaya wafichwe. Nasema kwamba mwanafunzi wa miaka 16 anayeandaa picha ya babu wa mwenzake ameshika kitu kinachoweza kukata, na shule iliyompa kitu hicho ndiyo inayopaswa kumwonyesha mpini uko wapi. Idhini ya mzee iombwe kabla, tena iombwe upya picha zikiisha kuunganishwa. Na kwa watoto, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yataka mzazi au mlezi akubali.

Wapo wasemao kwamba kazi hii ni anasa. Shule nyingi huwakataza wanafunzi kuwa na simu, na sababu zake si za kipuuzi. Mtihani unakuja, mwalimu wa Hisabati anadai vipindi vyake, betri inakwisha, umeme unakatika. Yote ni kweli. Simu moja ya mwalimu, ikiandikiwa katika kitabu na kurudishwa jioni, yatosha darasa zima, kwa sababu wengi wa wanafunzi katika mradi mzuri hawashiki kamera. Wanasoma, wanapima, wanaandika maswali, wanatafsiri, wanakwenda kuomba ruhusa. Filamu ya kahawa ilitengenezwa kwa simu moja iliyopasuka kioo. Wala sisemi kila somo litafutiwe filamu. Kanuni za kugawanya sehemu hujifunzwa kwa kuzifanya mara 50 katika daftari, na atakayezitengenezea filamu amepoteza siku.

Lakini kuna lawama moja nzito kuliko hizo, nayo hutolewa na walimu wenyewe: kwamba katika kila kundi la wanafunzi 10, wawili hufanya kazi na wanane hutazama. Nimeliona jambo hili, nalo halitibiwi kwa maonyo. Hutibiwa kwa alama. Mwalimu asipokee filamu peke yake. Apokee pamoja nayo daftari la kila mwanafunzi, orodha ya maswali yaliyoulizwa, na picha zote zilizokatwa zikatupwa. Mimi ningezipima hizo za kutupwa kabla ya filamu yenyewe. Katika zilizotupwa ndimo huonekana kama kundi lilitafuta: mahojiano matatu yaliyogongana, mlango uliofungwa, mzee aliyekataa kusema, siku ambayo wote walikuja na mvua ikanyesha. Kundi lisilo na cha kutupa halikutoka shuleni. Na bwana wa Nairobi anaweza kukuuzia filamu, lakini hawezi kukuuzia daftari la miezi miwili lenye matone ya uji.

Filamu ya Ruring'u ikiisha, isipelekwe kwanza mbele ya waamuzi. Iletwe Ruring'u. Wazee waliohojiwa waalikwe, pamoja na wale waliokataa kuhojiwa. Pazia litundikwe, viti vya mbele viwe vyao, na wanafunzi wakae pembeni na kalamu zao. Na katikati ya filamu mzee mmoja akiinua fimbo yake, akasema, "Simamisha hapo. Haikuwa hivyo, na waliotangulia kuja uwanjani siku ile hawakupitia njia hiyo," basi mwanafunzi asimamishe, aandike jina lake na maneno yake, amwombe radhi kwa usumbufu, na amwulize kama Jumatatu, baada ya vipindi vya mchana, anaweza kuwaonyesha njia yenyewe.